Gogo la Pili: Treni Iliyorudi Nyuma Igandu

Kabla barabara ya Sumbawanga hadi Kasanga haijawekwa lami, lori lililotoka ziwani na shehena ya dagaa halikupanda mlima peke yake. Nyuma yake alikimbia utingo, mkononi ameshika gogo lililochongwa pembe tatu, macho hayabanduki kwenye tairi la nyuma. Lori likisita, likianza kuugua, gogo lilikuwa limeshaingia chini ya tairi kabla dereva hajaita. Sisi wa Mwimbi tuliyaona malori hayo yakifika Matai, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye turubai, na dereva akishuka tulimtazama yeye. Utingo hatukumtazama.

Baba yangu mdogo aliifanya kazi hiyo miaka kadhaa. Kila kijana aliyetaka kurithi nafasi yake, baba mdogo alimuuliza swali moja tu: gogo lako la pili liko wapi? Maana la kwanza huteleza. Likilowa huteleza, likikauka sana hupasuka, na kuna siku tairi hulikanyaga likalisukuma pembeni kama ganda la muhindi. Asiye na gogo la pili alimrudisha nyumbani, hata angekuwa na nguvu za kubeba magunia mawili.

Nalikumbuka swali hilo kila ninaposoma habari za ajali ya treni ya Igandu, ya mwaka 2002.

Kwetu Ufipa hakuna reli. Kusini kwetu ipo TAZARA inayopita Tunduma, na kaskazini lipo tawi la Mpanda, linaloungana na Reli ya Kati pale Kaliua. Lakini mwaka 2002 Mkoa wa Katavi ulikuwa bado haujazaliwa. Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, kwa hiyo tawi lile lilikuwa reli ya mkoa wetu. Mtu wa Sumbawanga mwenye safari ya Tabora au Dodoma alikwenda Mpanda kwa basi, au juu ya mzigo wa lori, akalala stesheni na mizigo yake kichwani kama mto, akangoja treni. Redio ilipotangaza kwamba treni ya abiria imeanguka Ugogo, upande wa Dodoma, na waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, nyumba nyingi huku kwetu ziliketi kimya zikikumbuka nani kasafiri wiki ile na kwa njia ipi.

Reli ya Kati ni kazi ya wakati wa Wajerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na treni ikaingia Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, katika utawala wa Waingereza. Njia ni moja, upana wake mita moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni kwenye stesheni kuipisha nyenzake. Baada ya Kilosa njia inafuata bonde la Mkondoa, bonde ambalo mafuriko yake yamekwisha kuing'oa reli mara nyingi, kisha inapita Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu na Kikombo ikielekea Dodoma. Aliyewahi kulala ndani ya treni hiyo anaijua sehemu hii bila kufungua dirisha: mwendo unapungua, kichwa cha treni kinakoroma, vyuma vya kuunganisha mabehewa vinakaza kimoja baada ya kingine. Treni inapanda uwanda wa Ugogo.

Treni ya Juni 2002 ilikuwa imetoka Dar es Salaam jioni. Ilibeba watu zaidi ya 1,200. Safari za Reli ya Kati zilikuwa hivyo: daraja la tatu watu wameketi hadi vijiani, mtoto kapakatwa, kuku kafungwa miguu chini ya benchi, na wazoefu wanawaambia wageni wasimalize fedha Morogoro kwa sababu mbele kuna kuku wa Saranda. Saranda iko mbele ya Dodoma. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24, treni ilikuwa imeshaipita Msagali na kupanda kuelekea Igandu.

Pale mlimani dereva alipata matatizo na treni ikasimama. Ilipoondoka tena iliondoka kinyumenyume. Hapakuwa na kitu cha kuishika. Ilirudi kwenye mteremko ilioupanda muda mfupi uliopita, mabehewa ya nyuma sasa yakiwa ndiyo ya mbele na kichwa cha treni kikiburuzwa mkiani, mwendo ukiongezeka kila mita. Nyuma yake, kwenye njia ile ile moja, kulikuwa na treni ya mizigo. Waliokufa ni watu 281. Waliojeruhiwa walikuwa mamia.

Msomaji ambaye hajapata kufikiria uzito wa treni afanye hesabu hii pamoja nami. Chombo chochote kikishuka kimo cha mita 50 bila kuzuiwa, tukiuweka kando msuguano, hufika chini kwa mwendo wa kama kilomita 110 kwa saa. Haijalishi kina uzito gani. Hapo ni mita 50 za kimo peke yake, na mlima wa reli unaweza kuwa na zaidi ya hizo. Reli ya chuma na gurudumu la chuma havisuguani sana, na hiyo ndiyo faida ya treni, kwamba kichwa kimoja kinaweza kuvuta maelfu ya tani. Siku mambo yakigeuka, faida hiyo hiyo inageuka pia.

Dodoma haikuwa imejiandaa kwa msiba wa namna ile, wala hakuna mji unaoweza kujiandaa. Miili ililazwa kwenye uwanja wa mpira ili ndugu wapite wakitafuta watu wao. Wengine walitambuliwa kwa shati, wengine kwa kiatu. Katika treni ya daraja la tatu tiketi haikuandikwa jina, na mtu aliyepandia stesheni ndogo hakuandikwa popote. Familia ilijuaje kama ndugu yao alikuwemo? Kwa sababu hakufika. Miili 88 haikutambuliwa na mtu yeyote, ikazikwa pamoja kwenye makaburi ya Maili Mbili, Dodoma.

Baada ya kuzika linakuja swali la chanzo. Kila ajali kubwa nchini kwetu hulileta katika sura mbili, na watu huzichanganya. Sura ya kwanza ni nani. Nani alikuwa anaendesha, nani alitoa ruhusa, nani akamatwe. Swali hili lina haki yake, na mahakama zipo kwa ajili hiyo. Sura ya pili ni nini: ni kitu gani kilitakiwa kuizuia treni ile isirudi nyuma, na kilipokosekana, cha pili kilikuwa kipi? Mimi nashikilia kwamba uchunguzi unaoishia kwenye sura ya kwanza haujamaliza kazi, hata ukimpata mkosaji wa kweli. Dereva akifungwa, mlima wa Igandu unabaki pale pale, na kesho yake treni nyingine inaupanda.

Ili kuiona sura ya pili lazima mtu aielewe breki yenyewe. Fundi wa karakana anaweza kukueleza kwa dakika kumi akiwa amechuchumaa kando ya behewa. Chini ya treni nzima, tangu kichwa hadi behewa la mwisho, linapita bomba la upepo. Kati ya behewa na behewa bomba hilo linaungwa kwa mpira mnene, na kila upande wa behewa kuna koki yenye mkono wa chuma usiozidi kiganja. Injini inajaza upepo kwenye bomba, na kila behewa linaweka akiba yake kwenye tangi. Upepo ukiwa umejaa, breki zinaachia. Dereva akitaka kusimama anautoa upepo kwenye bomba, na kupungua huko ndiko kunakoruhusu akiba ya kila behewa isukume breki kwenye magurudumu. Ni kinyume cha anavyodhani mgeni. Upepo wa bomba unashikilia breki zisifunge. Mpira ukikatika, treni ikipasuka vipande viwili, upepo unatoka na breki zinafunga zenyewe pande zote mbili.

Mmarekani George Westinghouse ndiye aliyeubuni utaratibu huu mwaka 1872. Breki yake ya kwanza, ya mwaka 1869, ilifanya kazi kwa kujaza upepo ili kufunga, na udhaifu wake ulikuwa wazi: bomba likikatika, breki hakuna. Miaka mitatu baadaye akaligeuza wazo zima juu chini, hitilafu yenyewe iwe ndiyo inayosimamisha treni.

Hata hivyo breki hii ina siri mbili ambazo mchunguzi huziendea kwanza. Siri ya kwanza ni ile koki ya kiganja. Mkono ukiwa umegeuzwa ukafungwa mahali fulani katikati ya treni, mabehewa yote ya nyuma yake hayasikii amri ya dereva. Yeye anautoa upepo kule mbele, mshale wa kipimo chake unashuka vizuri, na nyuma hakuna kinachotokea. Ndiyo maana kabla treni haijaondoka stesheni kubwa, mtu hutakiwa kutembea hadi behewa la mwisho akathibitishe kwamba breki imefunga na imeachia. Ni matembezi ya dakika chache kando ya kokoto, na hakuna abiria anayeyaona. Siri ya pili ni kwamba upepo huvuja. Treni iliyosimamishwa mlimani kwa breki ya upepo pekee inashikiliwa na akiba inayopungua polepole, kama ndoo yenye tundu. Akiba ikiisha, magurudumu yako huru. Kwa hiyo kanuni ya reli popote duniani ni kwamba treni iliyokwama mlimani ifungwe breki za mkono, behewa kwa behewa, kwa idadi inayotosha uzito wake, na magurudumu yawekewe kabari.

Breki ya mkono ndiyo gogo la pili.

Mchunguzi mwenye kazi yake huanzia kwenye vyuma kabla ya kuwauliza watu. Anatazama kila koki ilikuwa upande gani, na anaizuia isiguswe na waokoaji wasio na taarifa. Anatazama magurudumu: lililozuiwa na breki huku treni inakwenda huburuzwa kwenye reli, likapata bapa linaloonekana kwa jicho, na lililozunguka bure hubaki duara. Anahesabu breki za mkono zilizofungwa. Kisha anakwenda kwenye vitabu vya stesheni, kwa sababu kila stesheni masta huandika saa treni ilipoingia na ilipotoka, na saa alipopokea na kutoa ruhusa ya njia. Vitabu vya stesheni tatu zinazofuatana, vikiwekwa kwenye meza moja, husema mambo ambayo hakuna shahidi mmoja anayeyajua. Vinaonyesha treni ya pili iliruhusiwa kuingia lini, na ya kwanza ilikuwa wapi wakati huo.

Jambo lililonikosesha usingizi nilipoanza kuifuatilia Igandu ni tarehe. Siku 30 tu kabla yake, Mei 25, 2002, majirani zetu wa Msumbiji walikuwa wamepatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Treni iliyotoka Ressano Garcia, mpakani na Afrika Kusini, ikielekea Maputo, ilipata hitilafu karibu na Tenga. Ilikuwa treni mchanganyiko, mabehewa ya abiria na mabehewa yaliyopakia saruji. Wafanyakazi walitenganisha mabehewa ya abiria na yale ya mizigo, na magurudumu ya abiria wakayawekea mawe. Mawe hayakushika. Mabehewa yakateremka yakaigonga ile saruji. Walikufa watu 192.

Mawe, katika karne ya ishirini na moja. Mwaka ule ulikuwa mgumu kwa wasafiri wa treni Afrika nzima. Mwezi Februari treni ya abiria ilikuwa imewaka moto Misri, karibu na Al Ayyat, na zaidi ya watu 350 walikufa, wengi wao maskini waliokuwa wakienda makwao kwa sikukuu ya Idi. Misri ni habari ya moto, nayo ina mafunzo yake. Tenga na Igandu ni pacha: mlima, treni iliyosimama, kitu kilichotakiwa kuishika kisishike, na treni nyingine au mizigo ikingoja chini.

Tena wana kaka yao mkubwa, aliyezaliwa miaka 113 kabla yao.

Asubuhi ya Juni 12, 1889, katika mji wa Armagh, Ireland, wakati huo chini ya Uingereza, watoto wa shule ya Jumapili ya Kimethodisti na wazazi wao walipanda treni ya matembezi kwenda Warrenpoint, kuiona bahari. Walikuwa watu wapatao 940. Mabehewa 15 yalijaa, na milango ikafungwa kwa ufunguo kwa nje, kama ilivyokuwa desturi, ili asipande asiye na tiketi. Kutoka Armagh njia ilipanda mlima mkali kiasi kwamba kila mita 75 ulizokwenda uliinuka mita moja. Injini ilizidiwa karibu kabisa na kilele. Nyuma yake, treni ya kawaida ya ratiba nayo iliondoka stesheni. Siku hizo kwenye njia ile hawakungoja uhakika kwamba treni ya mbele imefika iendako. Waliangalia saa tu: zikipita dakika kadhaa, ya pili iende.

Mkubwa wa msafara aliamua kuigawa treni, injini ipeleke mabehewa matano ya mbele hadi kituo kinachofuata, kisha irudi kuchukua kumi yaliyobaki. Breki ya treni ile ilikuwa ya kunyonya hewa, na ya aina ile ya zamani: ukilikata bomba, breki zote za nyuma zinaachia. Mabehewa kumi yenye mamia ya watu yakabaki yameshikwa na breki ya mkono ya behewa moja la gadi, yule msimamizi wa treni akaaye nyuma, pamoja na mawe yaliyookotwa kando ya njia. Injini ilipojiandaa kuondoka iliteleza nyuma kidogo, kiasi cha kuyagusa tu yale mabehewa. Mguso ule ukayasaga mawe. Watoto waliokuwa ndani walitazama madirishani vichaka vikienda upande usio wake, na milango ilikuwa imefungwa. Mabehewa yalirudi zaidi ya kilomita mbili, yakakutana na treni ya ratiba iliyokuwa ikipanda. Walikufa watu 80, na wengi kati yao walikuwa watoto.

Aliyetumwa na serikali kuchunguza alikuwa Meja Jenerali Hutchinson. Swali la nani lilikuwepo, mkubwa wa msafara alifikishwa mahakamani na akaachiwa. Lakini swali la nini halikungoja kesi. Wakaguzi wa reli wa Uingereza walikuwa wameomba kwa miaka mingi kwamba treni zote za abiria zilazimishwe kufunga breki zinazojifunga zenyewe, na kwamba kipande kimoja cha njia kisiingie treni ya pili mpaka ya kwanza ithibitishwe imetoka. Kampuni za reli zilikuwa zikijibu kwamba gharama ni kubwa. Agosti 30 mwaka ule ule, siku 79 baada ya ajali, Bunge la Uingereza lilikuwa limeshapitisha sheria inayoyalazimisha yote mawili. Watoto wa Armagh waliwaokoa watu ambao hawatahesabika kamwe, kwa sababu mtu aliyeokolewa na breki hajui kwamba ameokolewa.

Nimekaa sana Armagh kwa makusudi. Sitaki mtu aniambie kwamba Igandu ilikuwa mapenzi ya Mungu na basi. Mimi ni muumini, nimezika, na najua neno la faraja lina mahali pake. Lakini mwaka 2002 mlima unaorudisha treni nyuma haukuwa siri kwa mtu yeyote duniani anayeendesha reli. Ulikuwa umeandikwa, umepimwa, umetungiwa sheria, na dawa yake ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya karne moja. Kinachojulikana hivyo kikiua watu 281, maswali yanapanda juu kuliko kiti cha dereva. Mabehewa yalikaguliwa lini? Vipuri vilikuwepo karakana? Gadi alifunzwa kufunga breki za mkono ngapi kwa treni ya uzito ule, na hizo breki za mkono zilikuwa zinafanya kazi? Stesheni masta wa nyuma alikuwa na njia gani ya kujua kwamba treni aliyoiruhusu imekwama?

Maswali haya yana historia ya fedha nyuma yake. Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa vichwa na mabehewa. Miaka ya tisini ilikuwa ya ukame kwa mashirika ya umma. Kufikia mwaka wa ajali serikali ilikuwa katika mpango wa kuyatafutia wawekezaji, na mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kweli kwa kampuni iliyoendeshwa na RITES ya India, mpango ambao haukudumu miaka mingi kabla ya serikali kuichukua tena. Sheria ya kuunda mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu na majini, SUMATRA, ilikuwa imepitishwa mwaka 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza kazi mwaka 2004. LATRA, iliyorithi kazi yake ya nchi kavu, ni ya mwaka 2019. Hesabu mwenyewe: Juni 2002 treni ile ilipanda mlima kabla SUMATRA haijaanza kazi. Anayeendesha treni hapaswi kuwa ndiye pekee anayeamua kama treni ni salama. Hata kwenye lori letu la Kasanga, dereva hakuruhusiwa kumwambia utingo kwamba gogo la pili si la lazima leo.

Leo reli mpya ya kiwango cha kimataifa inapita upande ule ule. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na Igandu ni mojawapo ya stesheni zake. Safari iliyokula usiku kucha sasa ni ya saa chache. Nafurahi kwa moyo wote, na yeyote aliyelala Mpanda stesheni akingoja treni isiyojulikana itafika lini anaielewa furaha hiyo. Lakini umeme haufuti mlima. Treni ya umeme nayo ina bomba la upepo, nayo hukwama njiani umeme ukikatika, na ikikwama mlimani inahitaji kushikwa vile vile. Wakati huo huo reli ya zamani bado inafanya kazi, bado inabeba maskini na mizigo, na tawi letu la Mpanda bado linaitegemea. Wanaofunzwa leo kuendesha treni hizi wengi walikuwa watoto au hawajazaliwa mwaka 2002. Nani anawapeleka Igandu wakasimama pale juu, wakautazama ule mteremko kwa miguu yao?

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, nayo si makubwa. La kwanza, taarifa za uchunguzi wa ajali za treni, za zamani na za sasa, ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ziwekwe mahali ambapo mwanakijiji wa Igandu, fundi wa karakana ya Morogoro na mwalimu wa Mwimbi wanaweza kuzisoma bila kuomba kibali. Mfiwa ana haki ya kujua koki ipi ilikuwa imefungwa. La pili ninalielekeza kwako unayesoma. Kama kwenu kuna mtu aliyepanda treni mwezi Juni 2002 na hakufika, na hamkupata mwili, andikeni jina lake, kijiji chake na alikokuwa anakwenda, myapeleke kwenye ofisi ya kata na kwa Shirika la Reli. Makaburi ya Maili Mbili yana watu 88 waliozikwa bila majina, na baadhi ya majina hayo yanajulikana majumbani mwetu.